Baba Abakiaye Nyumbani: Asubuhi ya Bamvua Kisiwani Mbudya

Mkazi wa Dar es Salaam anayetamani kumwona mnyama akipigania nyumba yake hana haja ya kuweka akiba ya miaka miwili ili aende Serengeti. Yatosha apande basi la Kunduchi siku ya mapumziko, avae viatu vikuukuu visivyoogopa maji, na awe ameuliza mapema habari za mwezi. Habari hizo ni muhimu kuliko nauli. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani wakati wa bamvua, bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta tatu, na hupwa sana kati ya saa tatu na saa tano za asubuhi. Kwa muda mfupi mwamba uliofichwa siku zote huwa wazi kama ua wa jirani aliyesahau kufunga mlango. Anayekwenda wakati wa maji mafu hapati hasara, kwani upepo wa bahari haumbagui mtu, ila wenyeji ninaowasimulia leo itamwia vigumu kuwaona.

Wenyeji hao ni samaki wadogo wa ukingoni mwa bahari, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja. Sokoni hawana sifa. Changu na kolekole wakipangwa mezani, wao huishia katika fungu la mwisho, la kitoweo cha bei ya chini. Lakini mambo yao ya nyumbani, ndugu msomaji, yanastahili safari. Changu, chewa na pono humwaga mayai yao majini, wakayaachia mkondo uyapeleke unakotaka, nao wakaenda zao. Hawa wadogo hawafanyi hivyo. Hutafuta mahali, husafisha, huweka mipaka, hugombana na majirani, na mayai yakishatagwa hubaki nayo. Na anayebaki, karibu mara zote, ni baba.

Kunduchi yenyewe ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla jiji halijatanua mikono na kuikumbatia. Ufuko wake haujapoteza harufu ya zamani: samaki wa kukaangwa, kamba zilizolowa, moshi wa kuni. Nyuma kidogo ya ufuko yapo magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ambayo baadhi ya nguzo zake zilipambwa kwa bakuli za Kichina, nayo yanatosha kwa makala nyingine. Sisi tugeukie upande wa mikoko, mahali ambapo maji ya bahari huingia bara kwa mkono mwembamba na kuacha tope jeusi yanapotoka. Watu wengi huziba pua wakapita haraka. Anayesimama kimya kwa dakika kumi ataona tope lile likianza kusogea.

Kitu cha kwanza kuonekana ni macho mawili, yamepanda juu ya kichwa kama ya chura. Kisha mwili wenye urefu wa kidole, wa rangi ya tope lenyewe, ukijivuta kwa mapezi mawili ya mbele kama mtu atambaaye kwa viwiko. Huyu ni samaki, wala si chura wala mjusi. Hubeba maji katika mashavu yake, hupumua pia kwa ngozi yake ilimradi ina unyevu, na maji yakipwa hashuki nayo. Hubaki nchi kavu akitafuta vijidudu vya kula. Ukimtisha huruka kwa kuupiga mkia, hatua moja ya mtu mzima au mbili, na mara nyingi hurukia moja kwa moja kwenye shimo lake. Shimo ndilo mali yake. Dume jirani akijisogeza karibu mno, mwenye shimo huinua pezi la mgongoni likasimama kama tanga, naye jirani huinua lake, wakatazamana kwa vinywa vilivyo wazi. Aghalabu ugomvi huishia hapo. Usipoishia hapo huumana, wakabiringishana topeni mpaka mmoja atakapokiri.

Chini ya tope pana jambo kubwa zaidi, ambalo jicho la mpita njia haliwezi kulifikia. Tope la mikoko halina hewa. Ndiyo sababu linanuka. Mayai yakizikwa humo bila hila yoyote yangekufa kwa kukosa pumzi. Wataalamu wa Japani waliochunguza jamaa wa samaki hawa katika fukwe za kwao walieleza mwaka 2007 jinsi tatizo hili linavyotatuliwa. Shimo huchimbwa likashuka chini, kisha likapinda kuelekea juu na kufanya chumba kidogo kilichofungwa. Mayai hubandikwa katika dari ya chumba hicho. Maji yanapopwa, dume hutoka nje, humeza hewa kinywa tele, hushuka nayo, huitema chumbani, kisha hupanda tena. Hurudia kazi hiyo siku hata siku, na mayai hukua yakiwa yamening'inia katika hewa iliyoletwa kwa kinywa. Yanapokuwa tayari, dume hungoja maji yajae usiku, halafu hufanya kinyume: huitoa ile hewa, funda kwa funda, mpaka bahari ikajaza chumba. Mayai hupasuka yanapoguswa na maji. Wale wa Kunduchi huishi katika tope la namna ile ile na kuchimba mashimo yao humo. Ukimwona mmoja wao amesimama mdomoni mwa shimo na mashavu yamevimba, usimcheke.

Elimu ya tabia hizi haikuanzia katika bahari zetu zenye joto. Ilianzia katika mabirika ya kioo ya Ulaya. Katika miaka ya 1930 Niko Tinbergen, mwalimu wa chuo kikuu mjini Leiden, Uholanzi, alifuga samaki wadogo wenye miiba mitatu mgongoni, ambao madume yao hujenga kiota cha majani na tumbo lao hugeuka jekundu wakati wa kuzaa. Aligundua kwamba dume hushambulia hata kipande cha nta kisicho na umbo la samaki, ilimradi upande wake wa chini umepakwa rangi nyekundu. Inasimuliwa kwamba gari jekundu la posta lilipopita barabarani, madume yaliyokuwa dirishani yaligeuka yote kulikabili. Mwaka 1973 Tinbergen alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hii. Mimi nasema tu kwamba kama angalizaliwa Kunduchi, asingehitaji birika.

Kutoka ufukoni hadi kisiwa cha Mbudya ni safari ya kilometa chache tu. Mashua ya injini hufika upesi. Ngalawa hutegemea hisani ya upepo. Kisiwa huonekana kwanza kama mstari wa mivinje juu ya maji, kisha ukiukaribia unaona kwamba mstari huo umesimama juu ya mwamba mgumu ulioliwa na mawimbi kwa chini, hata sehemu nyingine zimekuwa kama uyoga. Mwamba ule wenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai zama ambazo bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo sasa. Mwaka 1975 Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari. Familia nyingi huja hapa kuogelea na kula samaki kivulini, na hilo ni jema. Wachache huuzunguka mwamba.

Nahodha aliyenivusha alikuwa mzee wa makamo ambaye alizijua pembe zote za kisiwa. Nilipomwambia kwamba sikuja kuogelea bali kuwatazama samaki wa mistari, alicheka kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, hao usiwadharau. Akiwa na mayai, huyo hata nanga huigonga." Akanielekeza mahali ambapo tambarare la mwamba, lenye vidimbwi na majani ya bahari, linakatika ghafula na kushuka kama ukuta. Hapo maji hayakauki hata wakati wa bamvua. Anayejua kuogelea huvaa miwani ya kuzamia; asiyejua anaweza kusimama mahali salama penye mchanga na kuinamisha uso tu.

Samaki niliyemfuata ana milia mitano myeusi inayoshuka kutoka mgongoni, juu yake ana rangi ya manjano, na tumbo lake ni jeupe. Kila aliyewahi kukaa kwenye gati amemwona, kwa maana hupenda nguzo na kuta. Lakini wengi humwona katika makundi, wakila vijidudu vinavyoelea juu, na hapo hana tofauti na umati wa watu kituoni. Mmoja mmoja wakijitenga na kundi, mambo hubadilika. Dume lililochagua mahali pa kuzalia hubadili rangi, manjano ikafifia na mwili ukawa wa buluu iliyokolea, kama kwamba amevaa sare ya kazi. Huchagua upande wa mwamba ulio laini kidogo, akaanza kuung'oa mwani kwa meno, akatoa na vipande vya miiba na makombe, mpaka pakatakata. Majike huja, hutaga, huondoka. Si jike mmoja. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai ya majike kadhaa.

Mayai yenyewe yanaonekana kwa mbali. Ni doa la rangi ya zambarau, kana kwamba mtu amemwaga maji ya matunda juu ya jiwe. Ukiinama karibu ndipo unapogundua kwamba doa hilo limefumwa kwa chembe ndogo, kila moja ikiwa chini ya milimeta moja na nusu, maelfu kwa maelfu, kila chembe imeshikamanishwa na mwamba. Siku zinavyopita zambarau hufifia na doa huelekea rangi ya kijani. Katika siku za mwisho, kila chembe huwa na nukta mbili zinazomeremeta kama fedha. Hayo ni macho.

Dume hulizunguka doa hilo siku zote nne hadi saba za kuatamia, kulingana na joto la maji. Huyapepea mayai kwa mapezi ili maji mapya yapite, huokota yale yaliyokufa, na hufukuza. Kazi ya kufukuza ndiyo inayomchosha. Nilikaa mbele ya kiota kimoja kwa muda wa kuvuta nusu saa, na sikupata kuona dakika moja nzima ya amani. Walikuja vipepeo wa baharini wenye pua nyembamba, wakafukuzwa. Akaja dume jirani, mwenye kiota chake umbali wa kama urefu wa kitanda, akafukuzwa mpaka mahali fulani ambapo wote wawili waligeuka kwa pamoja, kama kwamba pana ukuta wa matofali. Mpaka huo mimi sikuuona, lakini wao waliujua. Nikasogeza mkono wangu, akaugonga mara tatu. Mwili wangu ni mkubwa kuliko wake mara maelfu, naye hakulitia hilo maanani.

Adui wake mkubwa si yule mwenye nguvu. Ni wale samaki wembamba wenye rangi za kijani na buluu, ambao huja kwa kundi. Mmoja wao hujitokeza upande wa kushoto, dume humkimbilia. Papo hapo wengine kumi hushuka kulia, na kwa sekunde chache doa la zambarau hupata pengo. Dume akirudi hutawanyika, kisha hujipanga upya. Ndiyo maana mlinzi mwenye busara hafukuzi mbali. Watafiti waliowahi kuwaondoa walinzi wa namna hii ili waone kitakachotokea, waliona viota vikimalizwa upesi. Hii ndiyo hesabu yote ya maisha ya samaki huyu: akiwepo, mayai yapo, asipokuwepo, hayapo.

Nisije nikaeleweka kwamba nimekuja na mfano wa malezi bora. Wale wapendao kuwafanya wanyama kuwa walimu wa adabu watanyamaza hapa, kwa sababu baba huyu mara nyingine huyala mayai yake mwenyewe. Uchunguzi uliofanywa juu ya ndugu yake wa karibu, mwenye milia iliyoingia mpaka mkiani, ulionyesha kwamba dume lililopata mayai machache huweza kuyamaliza yote na kuanza upya, na kwamba madume yaliyopewa chakula cha ziada yalikula mayai kidogo zaidi. Kulinda kuna njaa yake. Mlinzi hawezi kupanda juu pamoja na wenzake kula vijidudu vya mkondoni, na siku nne hadi saba si muda mfupi kwa mwili mdogo. Anapima: je, hiki nilicho nacho kinalipa gharama ya kukaa? Si hesabu ya kupendeza, lakini ni hesabu.

Hatua chache kutoka ukutani, katika maji ya kufika kiunoni, kuna mwenye mali wa aina nyingine. Huyu ni mweusi-mweusi, hana uzuri wowote, na hata jina la kumsifu sikupata. Analinda shamba. Ukitazama matumbawe yaliyomzunguka utaona kipande kimoja kimefunikwa na mwani mfupi kama zulia, wakati pande zote za nje zimeguguna­shwa zikawa tupu. Zulia lile amelikuza yeye. Baadhi ya jamii za samaki hawa hung'oa hata mwani usiotakiwa na kuutema nje ya mpaka, sawasawa na mkulima anayepalilia. Ana ukali usiolingana na umbo lake, na vidole vya waogeleaji wengi vinalijua hilo. Kangaja mmoja akija kula shambani hafui dafu. Lakini kangaja ni wajanja. Huja kwa mamia, wakashuka wote kwa pamoja, naye mwenye shamba hukimbia huku na huku akiwagonga wa mbele wakati wa nyuma wanashiba. Nimeona kitu kama hicho mara moja tu, na kilikwisha kabla sijajua nitazame wapi.

Na wa tatu wa mwambani ni yule ambaye picha zake zimeenea duniani kote, samaki wa rangi ya chungwa akaaye ndani ya anemoni, kile kiumbe laini chenye mikono mingi iwashayo kama upupu. Katika pwani yetu wamo wa aina zaidi ya moja, na mmojawapo hutambulika kwa mstari mweupe unaopita juu ya mgongo wake. Ute wa mwili wake humkinga na mwasho, kwa hiyo nyumba yake ni ngome ambayo wengine hawaigusi. Humo ndani pana utaratibu mkali. Jike ndiye mkubwa kuliko wote, na ndiye anayewakabili wageni. Anayemfuata kwa ukubwa ni dume lake, na kazi yake ni mayai, ambayo hubandikwa juu ya jiwe chini ya upindo wa anemoni. Chini yao wapo vijana wawili au watatu wasio na mume wala mke, wanaongoja. Jike akifa, yule dume hugeuka akawa jike, na kijana mkubwa hupanda cheo akawa dume. Nyumba haibaki bila mama.

Samaki hawa pia hupiga kelele. Sauti hufanywa kwa kugonganisha taya, nayo husikika kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Mwaka 2005 watafiti waliofananisha sauti za samaki wa jamii moja, hao wenye mstari mgongoni, waliorekodiwa Madagaska na Indonesia, walikuta kwamba zinatofautiana. Bahari kubwa imekaa kati yao, na kila upande una lafudhi yake. Msomaji wa Lamu na yule wa Unguja hawatashangaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tabia zote nilizozieleza zina msingi mmoja: kutokukimbia. Changu akisikia kishindo huondoka. Samaki mwenye kiota hukisogelea kishindo, na tangu zama bahari ilipoumbwa hilo limemfaa, kwa sababu vishindo vya bahari vilikuwa vya samaki wenzake. Halikumfaa tangu baruti ilipoingia majini. Mlipuko mmoja hupeleka mgandamizo ambao hupasua kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, na wengi wa waliokufa hata hawaelei. Huzama, wasimfae mtu yeyote. Dume la milia mitano hufia juu ya doa lake. Hata kama mayai yamesalimika, wale wembamba wa kijani watarudi, au wengine kama wao, na hakuna atakayewafukuza.

Uvuvi huu ulikwisha kupigwa marufuku na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, ukakatazwa tena na ile ya mwaka 2003, na bado uliendelea. Mwaka 2015 wataalamu waliopita pwani yote ya Tanzania bara wakiwa na chombo cha kusikilizia chini ya maji walinasa milipuko zaidi ya 300 katika muda wa majuma machache, na sehemu kubwa yake ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Si karibu na vijiji vya mbali visivyo na soko. Karibu na sisi. Msako mkali uliofuata katika miaka ya 2016 hadi 2018 ulipunguza sana vishindo hivyo, na sifa hiyo wapewe waliokesha doria. Lakini makovu yapo. Katika ukuta ule ule wa Mbudya, nilipoogelea kuelekea kaskazini, nilivuka sehemu yenye ukubwa wa uwanja wa netiboli ambayo ni changarawe tupu ya matumbawe yaliyovunjika. Changarawe hiyo hubiringika kila mawimbi yanapopita, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kisichotulia. Joto lililopita kiasi la mwaka 1998, lililoyafanya matumbawe ya Afrika Mashariki kuwa meupe na mengi kufa, liliacha walau mifupa iliyosimama, na juu ya mifupa ile maisha yalirudi kiasi. Katika changarawe sikuona doa hata moja la zambarau. Hapakuwa na ukuta wa kulibandika.

Nilimwuliza nahodha kama wapigaji wa baruti walikuwa watu wa hapa. Alitazama injini yake kwa muda. "Wengine wa hapa, wengine wageni," akasema. "Ila mlaji alikuwa wa mjini, baba." Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Mama anayenunua samaki sokoni anaweza kumtambua aliyeuawa kwa baruti bila ya mtaalamu: nyama yake hulegea kabla ya wakati, damu huwa imevia ndani ya tumbo wakati ngozi ya nje haina jeraha la ndoana wala alama ya wavu, na akipasuliwa mara nyingi uti wa mgongo hukutwa umevunjika. Muuzaji akisema amebanwa na barafu, aulizwe barafu gani ivunjayo mfupa na kuacha ngozi.

Madhara madogo yako katika nyayo na nanga zetu wenyewe. Tambarare la mwamba linastahimili kukanyagwa mahali penye mchanga na mwamba mtupu. Halistahimili juu ya matumbawe hai. Nanga ya mashua ya starehe ikitupwa ukutani huweza kufagia viota viwili kwa mkupuo. Nahodha wangu aliitupa yake kwenye mchanga, akaongeza kamba, nasi tukatembea zaidi. Hatua zile za ziada hazikuzidi mia mbili.

Maji yalianza kurudi kabla ya saa sita. Hayaji kwa kelele. Unaona tu kwamba kidimbwi kilichokuwa cha kifundo cha mguu kimefika gotini. Mashua za wageni hurudi Kunduchi jua lingali juu, na kwa hiyo lile jambo kubwa la kiota hakuna mgeni wa mchana aliyeliona. Hufanyika jua likisha kuzama. Mayai yenye macho ya fedha hupasuka karibu kwa pamoja, na vitoto visivyoonekana vizuri kwa macho huchukuliwa na mkondo kwenda bahari kuu, ambako vitaelea kwa majuma mawili matatu, vingine vikijificha chini ya mwani na magogo yanayoelea, kabla ya kutafuta mwamba. Vingi huliwa njiani. Baba havifuati wala havitambui vikirudi. Kunapokucha yuko pale pale ukutani, rangi yake ingali ya buluu, akikwangua kwa meno maganda matupu yaliyobaki juu ya jiwe.